Kisima Kilichotoa Pumzi Adhuhuri

Vijana wangu, mnaokuja hapa kwangu Voi na madaftari yenu mapya, swali lenu la kwanza huwa moja: "Mama, ni kweli uliishika barafu inayowaka?" Niliishika. Mara moja tu, ng'ambo, kwenye maabara yenye baridi ya kupasua midomo. Mwalimu wangu aliniwekea juu ya glavu kipande cheupe kama donge la chumvi, kikawa kinachachatika na kutoa mapovu. Akakiwashia kiberiti. Moto ukasimama juu ya barafu, na huku maji yananichuruzikia hadi kwenye kiwiko. Nilipiga yowe ambalo wenzangu walilicheka wiki nzima.

Hiyo ndiyo haidreti ya gesi. Ni maji yaliyoganda yakaifungia gesi ndani yake, kama kuku kwenye tenga. Hukaa chini ya sakafu ya bahari kuu, mahali penye baridi na uzito mkubwa wa maji. Punguza uzito, au ongeza joto, tenga linafunguka na kuku wanatawanyika. Nimekaa kwenye kazi hiyo tangu nikiwa msichana hadi mvi, na kila niliyekutana naye nimemwambia habari ya kuku na tenga.

Niliporudi nyumbani nilipewa kipande kingine kidogo. Msiniulize nilikipitishaje uwanja wa ndege. Nilikitia kwenye friza ya ofisi, chini ya maziwa ya chai. Ijumaa umeme ukapotea. Jumatatu nilikuta kijiko kimoja cha maji ya matope, na maziwa yameharibika. Mkubwa wangu akauliza utafiti wangu uko wapi, nikamwambia umepanda juu. Habari ya maziwa ndiyo iliyomuuma zaidi.

Lakini leo sitaki kuwaambia habari ya barafu. Nataka kuwaambia habari ya kisima, maana kisima hicho ndicho kilichonifundisha kazi, na nusura kimuue mtu kwa neno langu.

Kwanza nimtaje Fundi Kombo. Huyu alikuwa fundi wa vipimo katika idara yetu, mtu wa Vanga, mfupi, mwenye kofia ya kito, ile ya kudariziwa, ambayo haikutoka kichwani hata chini ya jua la Garissa. Hakusoma sana lakini alijua kukamata gesi kama wengine wanavyojua kukamata samaki. Yeye ndiye aliyenifundisha kujaza chupa maji, kuipindua kichwa chini ndani ya ndoo, na kuiacha gesi iingie ikiyafukuza maji. Kupaka mafuta mazito kwenye kizibo. Kuandika jina la mahali kwenye chupa, siyo kwenye kizibo, kwa sababu vizibo hubadilishana. Alinifundisha kumfunga kamba kifuani kila anayeshuka shimoni, hata kama shimo ni fupi na mwenyewe anakuona mwoga. Na alinipa baromita yake ya zamani ya kupimia uzito wa hewa, ya shaba, yenye sindano. "Mdogo wangu," aliniambia, "kila unaposoma kitu chochote, soma na hii. Hata kama huoni faida yake."

Sikuona faida yake. Niliifunga kwenye taulo nikaitia chini ya sanduku la gari.

Mtaniuliza mtafiti wa vitu vya chini ya bahari alitafuta nini Kaskazini Mashariki, ambako mtu anaweza kwenda siku mbili bila kuona tope. Ni hivi. Chini ya mchanga wa Wajir na Garissa kuna tabaka nene la mashapo, nalo linateremka polepole kuelekea kusini na mashariki hadi linaingia chini ya bahari. Nilikuwa nataka kujua gesi inayoganda kule baharini inazaliwa wapi. Kwa hiyo nilitumwa nizunguke bara, nichukue hewa ya visima na mashimo ya zamani, niilete maabara. Nilianzia Masalani, kwenye matope ya Mto Tana, ambako niliona mapovu nikayawashia kiberiti kwa furaha, nikaunguza nyusi zote mbili. Waliokuwa wakivusha watu kwa mtumbwi walinishangaa sana. Nilifika Dadaab bado sina nyusi, na ndivyo nilivyojulikana huko, mama asiye na nyusi.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wakimbizi walikuwa wakimiminika kutoka ng'ambo ya mpaka, kambi ya Ifo ilikuwa imejaa, magari ya maji yakipita usiku na mchana, na mvua ilikuwa imekata. Barabara hazikuwa salama. Sisi tulilala Dadaab na kutoka alfajiri na askari wawili wa ulinzi, na sharti lao lilikuwa moja: saa tano asubuhi tuwe tumekwisha kufunga vitu na kugeuza gari. Dereva wangu, Mutua, Mkamba mwenye maneno machache, alikuwa akiwasha injini saa nne na nusu ili tu nimwone kwamba amewasha. Kwa hiyo kazi yangu yote niliifanya asubuhi. Likumbukeni hilo.

Kisima chenyewe sitakitaja jina, kwa sababu aliyekichimba ana wajukuu. Kilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka Dadaab, kwenye tambarare ya mawe meupe ya chokaa na miti ya miiba. Kilichimbwa kwa mkono, kirefu, watu kumi na wawili wakisimama mabegani mwa wenzao wasingefika juu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa magogo, na juu ya magogo matawi ya miiba, na juu ya miiba mawe. Kilikuwa kimefungwa hivyo kwa miaka kumi na minane. Na kando ya ile miiba, siku ya kwanza tulipofika, alikuwa ameketi mwanamke mzima aliyevaa mtandio wa kijani kibichi, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa ndani.

Jina lake Habiba. Mumewe, Baba Dekow, ndiye aliyekichimba kisima kile kwa mikono yake, na ndiye aliyeshuka siku moja kukisafisha na hakupanda tena. Mtu wa pili alishuka kumfuata, akavutwa kwa kamba akiwa maiti. Wa tatu alifika katikati akapiga kelele atolewe, na alipotolewa alisema kuna mtu kule chini anamnyang'anya pumzi. Basi wakasali sala ya maiti juu ya kisima, wakakifunga na mwenyewe ndani.

Sasa maji yalikuwa hakuna, na visima vingine vilikuwa na foleni ya ngamia ya siku nzima. Wazee walitaka kukifungua. Na Dekow, mwana wa Habiba, ambaye siku ile ya msiba alikuwa mtoto wa miaka saba amesimama pale pale akimwona baba yake akizama kichwa, alikuwa sasa mwanamume wa miaka ishirini na mitano. Alitaka kumtoa baba yake amzike kama Mwislamu. Walikuwa wanangoja tu mtu wa kuwaambia hewa ya chini ikoje, na mtu huyo akatokea, ana mashine, ana askari, hana nyusi.

"Abaayo," Habiba aliniambia, maana yake dada, "wewe ni mtu ya serikali. Angalia fizuri. Mimi iko na mtoto moja tu."

Nilimwahidi nitaangalia vizuri. Magogo yakaondolewa. Siku tano mfululizo nilikuja saa mbili asubuhi, nikateremsha taa ya mafuta kwa kamba hadi chini kabisa, na taa ikawaka. Niliteremsha mpira wa kuvutia hewa, nikajaza chupa zangu. Kila siku taa ilipanda bado inawaka, kioo kisafi. Niliona kitu kimoja cha ajabu nikakifurahia badala ya kukiuliza: moshi wa taa, nikiishika juu ya mdomo wa kisima, haukupanda. Uliteremka. Uliingia kisimani polepole, kama uzi unaovutwa na mtu. Vijani vikavu vilivyokuwa ukingoni vilisogea vikatumbukia, navyo hakuna aliyevigusa, na hakukuwa na upepo. Askari mmoja aliona hivyo akaenda kusimama upande wa pili wa gari na hakurudi.

Mimi nilisema moyoni: vizuri sana, hewa safi inaingia.

Habiba alinieleza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alinieleza kwa kinywa chake. Siku ya tatu alikuja akaketi karibu nami nikiwa napaka mafuta vizibo, akanionyesha kisima kwa kidevu.

"Asubuhi hii inameza," akasema. "Adhuhuri inatoa bumzi. Kila siku. Hata wakati ilifungwa, kwa hii miiba, inatoka baridi. Mimi nakuja, naweka uso hapa."

"Inatoa pumzi?"

"Haa. Hiyo ni Baba Dekow. Yeye iko chini, anabumua. Miaka kumi na nane, wallahi, siku moja hajakosa." Alikuwa hasemi kwa huzuni. Alisema kama anavyosema mwanamke habari ya mume aliye kazini. "Wakati mwingine kichwa inauma, lakini mimi nakaa tu."

Nilimshika mkono. Nilimhurumia, na sikuandika hata neno moja katika daftari langu. Mimi, niliyesoma ng'ambo miaka minne juu ya gesi na uzito unaoikandamiza, nilimsikia mtu aliyekipima kisima kwa shavu lake kwa miaka kumi na minane nikaona ni mawazo ya mjane. Vijana, mkiwa na haraka ya kumhurumia mtu, subirini kwanza mmsikilize amalize.

Siku ya tano nikawaambia wazee hewa ni nzuri. Mzee Gedi, aliyekuwa akiwasalisha, akaniuliza mara mbili, nami nikajibu mara mbili. Wakaamua Dekow atashuka kesho yake, na wakaniomba nibaki nishuhudie, tule pamoja. Askari wakanung'unika sana, lakini kulikuwa na habari ya mbuzi, wakakubali kukaa hadi alasiri.

Kwa hiyo ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa pale jua likiwa kichwani.

Desturi yao ni hii. Mtu anayeshuka kisimani hatokei tu akashuka. Hutawadha, husali adhuhuri na jamaa pale pale kando ya kisima, kisha humpitia kila mmoja aliyepo, mkubwa kwa mdogo, akimwomba msamaha. Baada ya hapo ndipo hushuka. Baba yake alifanya hivyo hivyo. Na yule wa pili alikuwa amesali katika jamaa ile ile. Ndiyo maana watu walikuwa wakinong'ona kwamba kisima kile kinachagua, kinamchukua mtu aliye safi tu.

Dekow alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, akitabasamu hata alipokuwa na hofu. Alifika kwangu akainama kidogo. "Eddo," akasema, yaani shangazi, "kama nimekukosea, unisamehe."

"Hujanikosea chochote, mwanangu," nikacheka. "Nenda kachimbe." Angalau nilimfunga kamba kifuani, kwa mafundisho ya Kombo, ingawa alisema vidato vya ukutani vinamtosha.

Akashuka. Tulisikia miguu yake ikigusa mawe, kisha sauti yake ikisema bismillahi, kisha kokoto zikianguka.  Joto lilikuwa lile la kukutia kizunguzungu, jani halitikisiki, ngamia wamelala na shingo zao chini. Nikamtazama Habiba. Alikuwa ameketi mahali pake, ukingoni, amefumba macho, na ncha ya mtandio wake wa kijani ilikuwa imesimama hewani. Ilikuwa inapepea juu ya mdomo wa kisima, ikielekea mbinguni, taratibu, na nguo za watu wengine wote zimetulia.

Nilipoteza muda nikiutazama mtandio ule. Sijui ni muda gani. Nywele zilinisimama kabla akili haijafika, kwa sababu kwa kitambo kidogo, naapa, niliamini kama alivyoamini yeye: kwamba kuna mwanamume kule chini, na kwamba amekwisha kumvuta mwanawe, na sasa anashusha pumzi. Ndipo nikakumbuka moshi ulioteremka asubuhi. Nilinyakua taa, nikaiwasha, nikaiteremsha. Haikufika hata robo ya safari. Moto ulipungua, ukawa wa buluu, ukazima.

"Mvuteni!" nikapiga kelele. "Mvuteni Dekow!"

Hawakuniuliza kitu. Wanaume sita waliishika kamba. Alipanda akiwa mzigo, akigonga kuta, kichwa kimeanguka upande, midomo imekuwa rangi ya wino. Mutua, ambaye sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu, aliwasukuma watu, akamlaza, akamminya kifua na kumpulizia kinywani, akaminya tena, akapuliza tena, mpaka Dekow akakohoa na kutapika, akafungua macho, akatutazama kama watu asiowajua. Kisha akalia kwa sauti ya mtoto wa miaka saba.

Mbuzi hakuliwa. Nilisimama mbele ya wazee nikawaambia: nilikosea, nilipima asubuhi tu, nikawaambia hewa ni nzuri wakati sikujua ya mchana.  Mzee Gedi alitazama chini. Niliona aibu ambayo sijaiona tena, na nimeaibika mara nyingi.

Habiba hakunitukana. Alikuwa amempakata kijana wake kichwa mapajani. Akasema, "Abaayo, hii kazi bado haijaisha. Ukijua saa yake, wewe utashuka wa kwanza. Wewe, halafu mtoto yangu."

Nikakubali.

Nilitoa ile baromita kwenye taulo. Niliwaambia askari wawasiliane na wakubwa wao, waniripoti wakitaka, lakini mimi sitoki pale. Tukapiga kambi siku nne. Kila saa nilisoma sindano ya baromita, na kila saa nilishika moshi juu ya kisima nikaandika: unashuka, unasimama, unapanda. Karatasi ilipojaa nilitazama safu mbili zile nikajisikia mjinga kuliko mbuzi. Hewa ina uzito, nao huongezeka na kupungua mara mbili kila siku, kwa saa zile zile, hasa huku kwetu karibu na ikweta. Alfajiri uzito unaanza kuongezeka hadi kama saa nne asubuhi, na hewa ya juu inasukumwa kisimani, inaingia kwenye nyufa za mawe ya chokaa chini kwa chini, mbali sana. Kuanzia saa nne uzito unapungua, na ardhi inakirudisha ilichokimeza. Lakini hairudishi kile kile. Hewa iliyokaa gizani kati ya mawe na mizizi imekwisha kunyang'anywa uhai wake. Maabara ilinijibu baadaye kwamba katika chupa za mchana hamna gesi ya kuwaka hata chembe, ni hewa iliyokufa tu, na kwa utafiti wangu wa haidreti haikuwa na faida yoyote.

Mnaona? Mimi niliyekuwa nikihesabu uzito wa bahari nzima juu ya barafu yangu nilisahau uzito wa hewa. Mimi na askari wangu tulikuwa tunapima saa ambayo kisima kinaingiza pumzi. Wao, kwa heshima ya sala yao, walikuwa wanashuka saa ambayo kinatoa. Hakuna aliyefanya vibaya kati yetu, na bado watu wawili walikuwa wamekufa, na nusura mimi niwaongezee wa tatu.

Nilimweleza Mzee Gedi kwa kuchora mchangani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, kama saa hizo zinaweza kubadilika. Nikamwambia mawingu ya mvua huweza kuzisogeza, ndiyo maana moshi lazima uangaliwe kila mara.  Halafu akasema kwa wenzake, na kwangu akatafsiri: "Na alfajiri si sala?"

Basi ikawa alfajiri. Tulisali, mimi Mkristo nikiwa nimeinamisha kichwa nyuma yao. Nikavaa suruali chini ya gauni, nikafungwa kamba. Nilianza kuwapitia watu kuwaomba msamaha, na safari hii sikucheka. Nilipofika kwa Dekow alinijibu kabla sijamaliza. Habiba alikuwa ameshika kamba mbele ya wanaume wote, ameizungusha kiunoni mwake.

Vijana, sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilishuka nikihesabu vidato na kusali Kitaita. Taa ilitangulia chini ya miguu yangu. Upepo ulikuwa unateremka pamoja nami, baridi, ukinipita shingoni kana kwamba una haraka ya kufika kabla yangu. Kadiri nilivyoshuka ndivyo nilivyosikia sauti, ndogo, ya kunyonya. Chini palikuwa na tope gumu, na ukutani kulikuwa na ufa usiozidi upana wa kiganja. Niliweka mkono pale. Ulinyonya kiganja changu polepole, kama mdomo wa ndama. Nikautoa mkono kwa nguvu nikagonga kiwiko.

Na pale kwenye tope, karibu na mguu wangu, kulikuwa na kandambili ya mpira wa tairi, imekaa sawasawa kama iliyovuliwa mlangoni. Sikuigusa. Nilikaa pale nikivuta pumzi, kwa makusudi, nyingi, mpaka nikawa na hakika. Anga juu yangu ilikuwa ndogo kama sufuria, na ndani yake kilionekana kichwa kimoja, chenye mtandio wa kijani. Nikasema kwa sauti, "Shikamoo, Baba Dekow." Msinicheke. Mtu ukiingia kwa watu unasalimia. Kisha nikaitingisha kamba, wakanitoa.

Dekow akashuka saa moja na nusu. Alikuwa na jembe dogo la mpini mfupi na kikapu kilichotandikwa nguo nyeupe. Mimi nikakaa ukingoni, baromita mapajani, taa yenye moshi mkononi. Kikapu kilipanda mara ya kwanza, wazee wakakipokea wakigeuza nyuso, wakakiweka kivulini. Kikashuka. Kikapanda. Habiba hakwenda kutazama. Alikuwa ananitazama mimi tu, uso wangu, kama mtu anayesoma saa ukutani.

Saa tatu na nusu nikasema bado kuna nafasi. Saa nne kasorobo sindano ilikuwa imesimama. Nikaita: "Dekow, jitayarishe kutoka."

Sauti ikaja kutoka chini, ya mbali, imechoka. "Eddo, bado kidogo. Nimepata yote. Mkono ya kulia tu ndio sijaona."

"Dekow, panda."

"Dakika kumi, eddo! Nitamzika aje nusu?"

Nikatazama sindano. Nikaigonga kioo kwa ukucha, kama Kombo alivyonionyesha, na ikaruka upande wa chini, unywele mmoja. Moshi wa taa ulikuwa umeacha kuteremka. Ulisimama juu ya mdomo wa kisima, unazunguka pale pale, haujui uende wapi. Nikamwita tena. Hakujibu, tulisikia jembe likipiga tope, haraka haraka. Mzee Gedi alinitazama akingoja niseme neno, na mimi nikabaki nikiitazama sindano, kwa sababu alichokuwa anaomba Dekow kilikuwa haki yake, na nani mimi kumkataza, mimi niliyemshusha saa ya kifo kwa kicheko? Wanaume wakaanza kuvuta kamba. Ikaja tupu. Alikuwa ameifungua.

Habiba akainuka. Alipiga magoti ukingoni akaingiza kichwa chake kisimani, na mimi nikamshika nguo. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili mimi na Mutua tuwe mashahidi, kwa sauti ile ile ya kumwita mtu chakula kimeiva.

"Dekow. Hiyo mkono ndio ilichimba kisima. Iache hapo kwa kazi yake. Mimi nataka mkono yako."

Jembe likanyamaza. Tukarusha kamba, na baada ya muda ikatingishika, wanaume wakavuta kwa pamoja mpaka kichwa chake kikatokea, kimejaa tope, macho yamefumbwa kwa jua. Mama yake alimshika mkono wa kulia kabla hajakanyaga ardhi, na hakumwachia alipokuwa anatembea kwenda kuzika.